Uzi: Roketi ya majaribio ikipotea mara mbili karibu dakika ileile, aliyeipa kibali alikuwa akilinda nini?

#1 BahariaWaKilindini

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina swali ambalo limenikaa moyoni, na naona humu ndani wapo watu wa fani mbalimbali wanaoweza kulijibu.

Tarehe 16 Januari 2025 chombo cha juu cha roketi ya Starship, ya kampuni ya SpaceX, kilipasuka dakika kama nane na nusu baada ya kuondoka Boca Chica, Texas, na mabaki yake yakashuka yakiwaka juu ya visiwa vya Turks and Caicos. Ndege zilizokuwa angani zikalazimika kuzunguka zikisubiri au kugeuza njia. Uchunguzi wa tukio hilo ulikuwa haujafungwa pale Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, iliporuhusu safari iliyofuata. Tarehe 6 Machi roketi ikaruka, na chombo cha juu kikapotea tena katika sehemu ileile ya safari, mabaki yakaonekana kutoka Bahamas.

Mimi nimekuwa baharini miaka kumi na tisa. Meli iliyoandikiwa kasoro kubwa na mkaguzi haing'oi nanga hapa Kilindini mpaka kasoro ile ifungwe kwa sahihi. Niliwahi kukaa siku sita nzima kwa ajili ya pampu moja ya kuzimia moto, na wakati huo hakuna mtu aliyeumia wala kitu kilichoungua. Basi nauliza: mdhibiti anayeruhusu roketi iruke huku kasoro ya kwanza haijafungwa, analinda nini hasa? Ni dhaifu, au mimi ndiye sijaielewa kazi yake?

#2 MwalimuFizikia_Tudor

Waaleikum salaam, Nahodha. Naona unaipima leseni ya roketi kwa kipimo cha cheti cha meli, na hivyo ni vitu viwili tofauti. FAA haithibitishi kwamba roketi itafanikiwa, wala haijali kama mwenye roketi atapoteza mali yake. Sheria inaitaka iwalinde watu wasiohusika na safari ile, walioko chini na walioko angani.

Kipimo chenyewe ni cha hesabu. Ukijumlisha hatari kwa watu wote wanaoweza kufikiwa na mabaki, matarajio ya kuumia au kufa yasizidi 1 kwa 10,000 kwa kila safari, na kwa mtu mmojammoja yasizidi 1 kwa 1,000,000. Mnamo Mei 2025 kituo cha Boca Chica kiliruhusiwa kufikisha safari 25 kwa mwaka, kutoka 5. Hata kama kila moja ingefikia kikomo hicho cha juu, hesabu inaonyesha mtu mmoja katika miaka 400. Roketi inaweza kulipuka kila mara ikaanguka katika bahari iliyoachwa wazi, na mdhibiti akawa ametimiza wajibu wake wote. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si dhaifu. Wajibu wake ni mwembamba kuliko tunavyoudhania.

#3 FundiNdege_PortReitz

Mwalimu, hesabu yako nimeielewa, lakini inategemea kitu ambacho hukukitaja. Ili upate 1 kwa 10,000 ni lazima kwanza ukadirie uwezekano wa chombo kupasuka na mahali kitakapopasukia, na chombo kipya hakina historia ya kukadiria kwayo. Hapo ndipo ninapotatizika.

Tazama yaliyotokea. Katika safari ya Machi ndege zipatazo 240 zilivurugiwa ratiba. Kabla ya safari ya tisa, ya tarehe 27 Mei 2025, FAA ililipanua eneo la tahadhari kutoka maili za baharini 885 hadi 1,600, na ikataka roketi irushwe saa ambazo ndege ni chache. Kwa mtu wa Mombasa, maili 885 ni kama kutoka hapa hadi ukaribie Ushelisheli, na 1,600 ni kuipita Ushelisheli na kuendelea mbali kuelekea mashariki. Eneo halipanuliwi karibu mara mbili kama kadirio la kwanza lilikuwa sawa.

Mimi huweka sahihi yangu kwenye kitabu cha ndege kabla haijaruka. Ndege inayozunguka hewani kusubiri mabaki yaishe inachoma mafuta yaliyopimwa kwa safari yake, na rubani anayeambiwa ghafla ageuke hana nafasi ya kufanya hesabu za miaka 400.

#4 BintiMajengo

Nawasalimu wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo na naomba niutetee upande wa wajenzi, kwa sababu nauona unasahaulika.

Roketi zinazorudi haziwezi kukamilishwa kwenye karatasi. Tarehe 13 Oktoba 2024 roketi ya chini, ndefu kama jengo la ghorofa ishirini, ilirudi palepale ilipotoka ikadakwa na mikono ya mnara, jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Hakuna maabara inayoweza kupima mwali wa injini 33 ukikutana na upepo wa kweli. Hata safari ya kwanza ya tarehe 20 Aprili 2023, iliyokwisha kwa kulipuliwa, ilifika anga za juu na kuleta takwimu ambazo zisingepatikana kwa njia nyingine. Baada ya hasara za 2025, safari ya kumi ya tarehe 26 Agosti na ya kumi na moja ya tarehe 13 Oktoba zilikamilika vizuri. Mdhibiti akingoja kila uchunguzi ufungwe kabisa, elimu yenyewe inasimama. Nadhani FAA inalijua hilo, na ndiyo sababu ya kibali anachokiulizia Nahodha.

#5 MwalimuFizikia_Tudor

Binti yangu, umeandika vizuri, ila nakusahihisha moja. Safari ya kwanza haikufika anga za juu. Ilifika kilomita 39 hivi, wakati mpaka unaotumiwa na wengi ni kilomita 100. Iliyoupita mpaka huo ni ya pili, ya tarehe 18 Novemba 2023.

Na safari ile ya kwanza si ya kupitwa haraka. Injini zilichimba zege la chini ya roketi, vipande vikarushwa mbali, na vumbi la zege likapeperuka hadi kilomita kama kumi. Baya zaidi kwa maoni yangu, roketi ilipopoteza mwelekeo ikaamriwa ijilipue, ilichukua sekunde 40 hivi kabla ya kuvunjika. Mfumo huo ndio kinga ya mwisho ya watu walio chini. Wengi waliangalia mlipuko. Mimi niliangalia zile sekunde. Uchunguzi ulitoa orodha ya marekebisho 63, na safari ya pili haikuruhusiwa mpaka yale yanayogusa usalama wa umma yakamilike. Hapo mdhibiti alifanya kazi, tena kazi nzito.

#6 MvuviWaMtwapa

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote na hesabu zenu nimezisikia. Sisi wa chini hatuulizwi. Je, wale wavuvi wa Turks and Caicos walipewa fomu gani wajaze kwamba wamekubali ile 1 kwa 1,000,000? Hata kwetu Kenya kipande cha hiyo hiyo Starship kilianguka Makueni, kama tairi kubwa la chuma, na watu walikuwa nyumbani kwao siku hiyo. Tulikiona kwenye habari sote.

#7 WakiliTreasurySquare

Ndugu Mvuvi, swali lako ni la haki, ila kipande cha Makueni si cha Starship. Kilianguka katika kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, kabla ya hasara zote mbili tunazozijadili, na Starship wakati huo ilikuwa haijawahi kuingia katika mzunguko kamili wa dunia. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia hatua za roketi, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Hatari ni ya jamii moja, lakini mwenye nayo ni mwingine.

Kuhusu Turks and Caicos, FAA ilithibitisha taarifa moja ya gari lililoharibika kidogo, na hakuna aliyeumia. Visiwa vile viko chini ya Uingereza, kwa hiyo waliostahili kuwasemea wavuvi ni serikali yao, na katika kibali cha safari ya tisa FAA ilisema imewasiliana na Uingereza, Turks and Caicos, Bahamas, Mexico na Cuba.

Sasa nirudi kwa Nahodha. Mwalimu anasema wajibu ni mwembamba. Mimi nasema una vichwa viwili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 iliyoanzisha leseni hizi inaitaka serikali ilinde usalama wa umma, na papo hapo ihimize na kukuza urushaji wa kibiashara. Ofisi ileile ya FAA inabeba yote mawili. Chombo cha SpaceShipTwo kilipovunjika hewani huko California tarehe 31 Oktoba 2014 na rubani msaidizi akafa, Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibainisha kwamba wakaguzi wa ofisi hiyo walikuwa wakishinikizwa waidhinishe vibali kwa haraka. Tena mjue kwamba uchunguzi wa ajali za roketi huongozwa na kampuni yenyewe, FAA ikisimamia na kuidhinisha ripoti. Wahenga wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

#8 BahariaWaKilindini

Wakili, ahsante, umenigusa mahali penyewe. Sisi mabaharia tunaujua ugonjwa huo. Cheti cha meli hutolewa na mkaguzi wa klasi, yaani wa shirika linalokagua na kuainisha meli, na mkaguzi huyo hulipwa na mwenye meli. Wapo waaminifu sana, nimefanya kazi nao, lakini niliwahi kupanda meli moja yenye vyeti safi vyote huku mashua ya kuokolea haishuki kwa kuwa winchi yake imeshikwa na kutu. Ndiyo maana dunia ikaweka jicho la pili: meli ikiingia bandari ya nchi nyingine, mkaguzi wa bandari ile ana haki ya kupanda na kuizuia, hata kama bendera yake ni ya mbali na vyeti vyake ni vipya.

Roketi haiingii bandari ya mtu. Inapita juu ya Karibi na kushukia huku kwetu Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia, na hakuna mkaguzi wa pili njiani. Labda kasoro haiko kwa FAA peke yake. Labda iko hapo.

#9 MwalimuFizikia_Tudor

Nahodha, hoja ya jicho la pili ni nzuri na naikubali nusu. Lakini tusiseme kwamba la kwanza ni pofu. Tarehe 11 Julai 2024 roketi ya Falcon 9, ambayo hatua yake ya chini imekwisha kutua zaidi ya mara 400 na ndiyo iliyopeleka satelaiti yetu ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, ilivuja oksijeni katika hatua ya juu. FAA iliisimamisha mara moja, na tarehe 27 mwezi uleule ikaruka tena baada ya kuonekana kwamba umma haukuwa hatarini.

Pia kuna jambo kuhusu zile hasara mbili. Zilitokea karibu dakika ileile, lakini kampuni ilieleza vyanzo tofauti. Ya Januari ilitokana na mtetemo mkali kuliko uliopimwa ardhini, mabomba yakavuja na moto ukazuka nyuma ya chombo. Ya Machi ilianzia katika injini moja. Kama maelezo hayo ni sahihi, kufunga uchunguzi wa kwanza kusingezuia hasara ya pili.

#10 FundiNdege_PortReitz

"Kama maelezo hayo ni sahihi." Mwalimu, umeliandika mwenyewe na ninakushukuru kwa uaminifu wako, maana uzito wote wa hoja yako umekaa juu ya neno "kama".

Naomba niseme jambo ambalo kwetu wa ndege si nadharia. Tarehe 10 Machi 2019 ndege aina ya 737 MAX iliyokuwa inakuja Nairobi kutoka Addis Ababa ilianguka, watu wote 157 wakafa, 32 kati yao Wakenya wenzetu. Miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia ikaua 189. Mdhibiti aliyeidhinisha ni huyuhuyu FAA, na sehemu kubwa ya kazi ya kuthibitisha usalama ilikuwa imekabidhiwa kwa watengenezaji wenyewe. Ndege zile zilibaki chini Marekani hadi Novemba 2020. Kati ya ajali ya kwanza na ya pili kulikuwa na hesabu iliyoonyesha kwamba hatari ipo, na ndege zikaachwa ziendelee. Niliposikia kwamba roketi imeruhusiwa kabla uchunguzi haujafungwa, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye miezi ile mitano.

#11 BintiMajengo

Bwana Fundi, Mungu awarehemu wote. Sitabishana na msiba.

Ninaomba tu tutofautishe. Ndani ya ile 737 walikuwamo abiria waliolipa nauli wakiamini chombo kimekamilika. Ndani ya Starship hapana mtu, na ndiyo sababu hasa ya kuijaribu ikiwa tupu. Chombo cha kutumika tena cha zamani, Space Shuttle cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiliruka na watu tangu safari yake ya kwanza mwaka 1981, kikawa hakina mdhibiti wa nje wa kukisimamisha. Wahandisi walionya kuhusu baridi na zile pete za mpira usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wakashindwa na ratiba, na Challenger, kimojawapo cha vyombo hivyo, ikapasuka na watu saba wakafa. Mimi naona afadhali vipande viungue baharini kuliko watu.

Na bila leseni hali huwa mbaya zaidi ya tunayoilalamikia. Tarehe 30 Juni 2024 huko Gongyi, China, roketi ya Tianlong-3 iliyofungwa chini kwa jaribio la injini ilichomoka, ikapaa, ikaangukia milimani karibu na mji. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyeumia.

#12 WakiliTreasurySquare

Binti, sahihisho dogo: China nayo ina vibali vyake, kwa hiyo Gongyi haionyeshi hali ya kukosa leseni. Inaonyesha kwamba jaribio lililopangwa liishie ardhini linaweza kuwa urushaji. Mfano wako wa Challenger ndio wenye nguvu, na nadhani unaunga mkono upande wa Fundi kuliko wako.

#13 MzeeWaNgomeni

Salaam. Nimewasoma vijana kwa makini. Mnazungumza kana kwamba roketi ni jambo la Texas, na pwani hii ilirusha roketi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliweka majukwaa mawili juu ya nguzo za chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Roketi ya kwanza iliyopeleka satelaiti iliondoka pale tarehe 26 Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988, jumla tisa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ilirushwa satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani, nayo ikapewa jina la Uhuru.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Alisimulia kuwa siku za kurusha mashua zilikaa mbali, na wao waliyajua hayo kwa kuambiwa na mtu aliyekuja mwenyewe ufukweni. Roketi zile hazikuwa za kurudi, zikienda zimekwenda. Lakini mahali palichaguliwa kwa sababu ileile mnayoijadili: mashariki yake ni bahari tupu, na karibu na ikweta dunia yenyewe inaisukuma roketi kwa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa.

#14 WakiliTreasurySquare

Mzee wangu, shikamoo. Umeufungua mlango mkubwa. Chini ya Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, nchi inayorusha ni pamoja na ile ambayo ardhi au kituo chake kimetumika. Maana yake, roketi ya kigeni ikirushwa kutoka pwani yetu na kuumiza watu kwingine, Kenya nayo inaweza kudaiwa, na kwa madhara ya ardhini dhima hiyo haihitaji kuthibitisha uzembe. Satelaiti ya Kisovieti ya Kosmos 954 ilipotawanya mabaki yenye mionzi huko Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai dola milioni sita na kitu, ikalipwa milioni tatu. Anayetaka roketi zinazorudi zije Malindi, na nimewasikia wengi wakitamani, aanze kuuliza nani atakuwa na mamlaka ya kusema "leo hairuki" na kusikilizwa.

#15 BintiMajengo

Mimi ni mmoja wa wanaotamani, Wakili, na sioni haya kulisema. Nakubali pia kwamba mtu wa kusema "leo hairuki" lazima awe anaielewa injini kuliko anayetaka iruke, na wataalamu wa namna hiyo ni wachache hata Marekani. Huenda hilo ni jibu jingine kwa Nahodha: mwenye ujuzi wa kuhoji mtetemo wa mabomba yale huajiriwa na kampuni, si na ofisi ya leseni.

#16 MvuviWaMtwapa

Mzee wa Ngomeni amesema mtu alikuja mwenyewe ufukweni. Nahodha, wewe uko melini, nieleze: leo kikitarajiwa kitu kushuka katika Bahari ya Hindi, sisi wenye mashua tunaambiwa na nani?

#17 BahariaWaKilindini

Ndugu yangu, nitakueleza kama ninavyolipokea mimi. Bahari za dunia zimegawanywa kwa ajili ya ilani. Maji yetu yamo katika eneo la nane, linaloratibiwa na India. Ilani hutoka kwa satelaiti na kuchapika katika mtambo ulioko chumba cha usukani: nukta za eneo, tarehe, saa, na neno la kuwataka mabaharia wapite mbali. Nimezipokea za roketi mara kadhaa, nikazichora kwenye ramani na kubadilisha njia kwa digrii chache, basi. Meli kubwa inalazimika kuwa na mtambo huo. Mashua yako hailazimiki, na najua wengi wenu hata redio ya VHF hamna.

Eneo inakoshukia Starship liko mbali sana na Mtwapa, kwa hiyo usihofu kwa leo. Lakini nikiipata ilani yoyote inayogusa maji ya huku nitaipiga picha na kuiweka humu ndani, na wewe uipeleke kwa wenzako pale mnapouzia samaki. Niandikie majina ya mialo ninayopaswa kuiangalia.

#18 MvuviWaMtwapa

Mtwapa, Kikambala, Kuruwitu, Takaungu. Na uongeze Ngomeni, kwa ajili ya Mzee.